Gari langu lilivyoshushwa Mwanjelwa

Kwa Meneja,

YAH: GARI KUHARIBIWA WAKATI WA KUSHUSHWA

Nakuandikia kwa heshima, na naomba uipokee mapema, maana huko chini sina hakika nayo.

Masharti ya kazi yenu mnayajua kuliko mimi. Gari langu ni Subaru Forester, linavuta kwa matairi yote manne, si la kuburuzwa. Ndiyo maana lilipokwama pale Igawa niliagiza gari la kitanda, lile linalobeba gari zima mgongoni, na kulipa bei ya kitanda, ingawa wa kuvuta kwa kamba walikuwepo na wangenitoza nusu. Njiani hadi Uyole sikuona tatizo.

Kufika gereji Mwanjelwa, dereva wenu akainamisha kitanda mpaka matairi ya nyuma yakagusa chini. Gari langu liko kwenye P, gia ya kuegesha, na hendibreki imevutwa. Nikamfuata: "Mwanangu, ngoja niweke nyutro, matairi yaachie, kisha ulishushe taratibu kwa winchi." Hakunitazama. Akalegeza waya wa winchi, akapanda, akaondoa gari lake mbele ili langu lidondoke lenyewe. Matairi ya nyuma yamegoma, ya mbele yanaburuzwa kwenye chuma, halafu chini ya gari kikalia kitu, kacha! Mafundi wote wakageuka.

Sasa nikiweka P mtelemkoni, gari linateremka. Na Mbeya hii niambieni ni wapi pasipo na mteremko. Nikikata kona linashtuka na kugongagonga. Fundi amefungua: jino la kushikilia P limevunjika, na kiunganishi cha nguvu ya mbele na nyuma kimeharibika.

Nilipopiga simu ofisini nikaambiwa gari "lilikuwa bovu tangu mwanzo". Bovu lilikuwa rejeta! Rejeta inavuja maji, haivunji giaboksi.

Nirudie, asije mtu akasema sikueleweka. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Nilisimama pale mlangoni pa gari lake, nikamwambia aniachie niweke nyutro. Akasema, "Mama, hii ndiyo kazi yetu, kaa pembeni." Mbele ya vijana wa gereji. Akaondoka na gari likaburuzwa kama gogo. Baada ya ile kacha akashuka, akaniletea karatasi nisaini kwamba limefika salama!

Na kuna jambo nililolisahau hapo juu. Igawa, wakati wa kupakia, dereva huyo huyo ndiye aliyeniambia niweke nyutro na niachie hendibreki. Kwa hiyo anajua. Kupanda aliihurumia winchi yake. Kushuka, gari ni la mtu mwingine.

Naomba mlipe matengenezo yote, vipuri na ufundi, kwa makadirio ya fundi niliyoambatanisha. Lakini kadiri ninavyoandika naona hayo hayatoshi. Mnirudishie na fedha yote ya kubebewa, maana kazi niliyoilipia haikufanyika. Na dereva aje aniombe radhi palepale gereji, waliosikia "kaa pembeni" wasikie na hilo.

Nasubiri jibu la maandishi hadi Ijumaa ijayo. Simu sitapokea tena. Likikosekana, nakala ya barua hii inakwenda Tume ya Ushindani, inayolinda walaji, nami nakwenda mahakamani kudai na nauli za bodaboda na bajaji ninazolipa kila siku. Kijana mmoja wa gereji alirekodi tukio zima kwa simu yake. Karatasi yenu ya "limefika salama" ninayo, haina saini yangu.

Mteja wenu,
Mwenye Forester, Mbeya