Tarehe ya faili si tarehe ya mkataba: kusoma metadata kwa amri chache

"Nimetumiwa mkataba wa fremu, wanasema uliandikwa mwaka juzi, lakini kompyuta yangu inaonyesha umetengenezwa leo. Nimetapeliwa?" Maswali ya namna hii yanatufikia mara kwa mara, na kwa ushahidi huo peke yake jibu ni hapana. Tarehe aliyoiona mteja ni ya siku faili lilipoingia kwenye mashine yake. Tarehe ya mkataba wenyewe imekaa ndani ya faili, kwenye metadata, yaani maelezo kuhusu faili yanayohifadhiwa pamoja nalo, na kuisoma kunahitaji mstari mmoja tu wa amri.

Tuanze na tarehe ya nje. Kwenye Windows fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, ukiwa ndani ya folda yenye faili, kisha andika:

Get-Item .\mkataba.docx | Format-List Name, Length, CreationTime, LastWriteTime

Usishtuke ukikuta CreationTime ni ya baadaye kuliko LastWriteTime, kana kwamba faili lilihaririwa kabla halijakuwepo. Windows ikinakili faili huipa nakala tarehe mpya ya kutengenezwa, lakini tarehe ya kuhaririwa huiacha ile ya zamani. Faili lililonakiliwa kwenye fleshi mbili tatu kwa kawaida huwa hivyo, na hiyo peke yake si dalili ya ujanja.

Kwenye Linux amri ni stat mkataba.docx. Hapo wengi hudhani mstari wa Change ndio siku ya kutengenezwa. Sivyo. Change hubadilika hata ukibadilisha ruhusa za faili tu. Ya kutengenezwa ni Birth. Na ukinakili kwa cp bila kuweka -p, hata Modify, yaani tarehe ya kuhaririwa, inakuwa ya leo.

Tarehe hizi za nje mtu yeyote anaweza kuzipanga atakavyo. Amri hii inatosha kulirudisha faili nyuma miaka kadhaa:

touch -d "2019-03-04 10:00" mkataba.docx

Kwa hiyo tunamsihi kila mteja: usimwite mwenzako tapeli kwa sababu ya tarehe ya nje, na usimwamini kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa tuingie ndani. Faili la docx kwa kweli ni kifurushi cha zip, na mojawapo ya vilivyomo ni kijifaili kiitwacho core.xml. Kwenye Linux na Mac kinasomwa hivi:

unzip -p mkataba.docx docProps/core.xml

Windows 11, na Windows 10 zilizosasishwa tangu 2018, zina amri ya tar inayofanya kazi hiyo bila kusakinisha kitu:

tar -xOf mkataba.docx docProps/core.xml

Maandishi yatakuja yamebanana, lakini ukiondoa alama za XML unabaki na kitu kama hiki:

creator: user
lastModifiedBy: HP
revision: 14
created: 2021-05-17T06:15:00Z
modified: 2023-02-08T13:40:00Z

Soma polepole. "user" na "HP" ni majina tunayoyaona kila siku, maana nyaraka nyingi huchapwa steshenari, kwenye mashine ambayo haijawahi kuandikishwa jina la mtu. Hayo hayakuambii nani aliandika. Yanakuambia tu kwamba faili limepita kwenye mashine zaidi ya moja. Revision ni idadi ya mara lilipohifadhiwa. Na ile herufi Z mwishoni mwa saa ina maana kubwa: saa imeandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, hivyo sisi wa Afrika Mashariki tunaongeza saa tatu. Hiyo 06:15 ni 09:15 kwetu, yaani saa tatu na robo asubuhi, muda wa ofisi kabisa. Asiyeijua Z ataapa kwamba mkataba ulichapwa alfajiri wakati ofisi imefungwa, na tumeshuhudia watu wakigombana kwa hilo.

Mistari hiyo inaweza kubeba uzito mkubwa. Februari 2005 huko Wichita, Kansas, muuaji aliyewasumbua polisi tangu miaka ya 1970 alituma flopi diski kwenye kituo cha televisheni. Wachunguzi walikuta humo mabaki ya faili la Word lililofutwa, na metadata yake ilitaja jina Dennis na kanisa la Christ Lutheran. Dennis Rader, aliyekuwa kiongozi katika baraza la kanisa hilo, alikamatwa tarehe 25 mwezi huo huo.

Kwa mfanyabiashara wa kawaida balaa lina sura nyingine, na hili ndilo linalotuumiza zaidi kuliona. Mtu anachukua profoma aliyomwandikia mteja wa mwaka jana, anabadilisha jina, bei na tarehe, anaitoa kwa PDF na kuituma. Sehemu ya Title, yaani kichwa cha waraka kilicho kwenye metadata, haijaguswa. Mteja mpya anaifungua kwenye kivinjari, na juu kabisa ya dirisha anasoma jina la kampuni ya mshindani wake. Kwenye zabuni hilo linaweza kukupotezea kazi, kwa sababu umeshaonyesha unamhudumia nani mwingine. Kabla ya kutuma, kagua:

pdfinfo profoma.pdf

Amri hii inakuja na poppler-utils, kifurushi cha programu za PDF, na inaonyesha Title, Author, programu iliyotengeneza PDF, na tarehe zake. Ukikuta jina lisilotakiwa, rudi kwenye Word, rekebisha sifa za waraka, kisha toa PDF upya. Kufuta kwa exiftool -all=, amri ya programu ya ExifTool inayosoma na kufuta metadata, hakutoshi kwa PDF: maelezo ya zamani yanabaki ndani na yanaweza kurudishwa, mpaka faili liandikwe upya, kwa mfano kwa programu ya qpdf, ukitumia qpdf --linearize.

Kwa picha, chombo chetu ni hicho hicho ExifTool, kilichoandikwa na Phil Harvey wa Kanada. Kimekuwepo tangu 2003 na ni cha bure.

exiftool -a -G1 -s nyumba.jpg

Mistari iliyoandikwa System ni zile tarehe za nje tulizokwisha kuzisema. ExifIFD ndiyo iliyoandikwa na kamera, na DateTimeOriginal ni saa ya kupiga picha, mradi saa ya kamera ilikuwa sahihi. Mahali picha ilipopigwa unapapata hivi:

exiftool -n -GPSPosition nyumba.jpg

Kwa Dar es Salaam utaona takriban -6.8 39.28. Iandike na alama yake ya kutoa, kwa sababu tuko kusini mwa ikweta. Ukiiacha, ramani itakupeleka Ethiopia. Madalali na wanaouza viwanja wanaipenda amri hii, kwani inaonyesha kama picha ya kiwanja ilipigwa pale pale kilipo. Lakini picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imeondolewa maelezo hayo. Mwombe aliyenayo akutumie kama dokumenti, nayo itakuja kamili. Na wewe unayetangaza nyumba unayoishi, ondoa mahali kabla ya kuituma picha yake:

exiftool -gps:all= nyumba.jpg

Kumbuka kwamba inakuachia pembeni nyumba.jpg_original, ambayo bado ina kila kitu. Usije ukaituma folda nzima.

Kazi hii pia tunaifanya ofisini kwetu: kusoma metadata ya mikataba, picha na PDF, kukueleza kwa maandishi kila mstari una maana gani, na kusafisha nyaraka za zabuni kabla hazijatoka. Tutakuambia pia pale metadata isipothibitisha chochote, kwa sababu hata ile ya ndani inaweza kuhaririwa na mwenye ujuzi. Ukija, leta faili lenyewe kama ulivyolipokea, si picha ya skrini wala nakala iliyochapwa. Usilifungue na kulihifadhi upya kwanza, kwa sababu jina la mtumiaji lililo kwenye Word yako litaingia kwenye lastModifiedBy na la aliyekutangulia litafutika. Na kama lilikuja kwa barua pepe, usiifute hiyo barua. Njoo ukiwa unaweza kuifungua.