Mpishi Asiachwe Nje ya Kikao
Barua ya wazi kwa walimu na walezi wa shule zetu za sekondari za Kikatoliki

Tumsifu Yesu Kristo.

Wanangu walimu, masista wangu, mapadre walezi, na ninyi matroni na patroni mnaolala chumba cha mwisho cha bweni mkisikia kila mtoto anayekohoa usiku, nawasalimu kutoka Mbinga. Nilifundisha Kiswahili na Historia miaka 34, sehemu kubwa katika shule za bweni za wasichana, na miaka tisa kati ya hiyo nilikuwa mlezi wa bweni. Sasa nimestaafu. Wajukuu wangu wawili wako kwenye shule zetu, na ni masimulizi yao ya likizo hii yaliyonifanya nichukue kalamu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Katika miaka ya tisini nilikuwa na msichana wa kidato cha pili aliyeumwa tumbo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mara ya kwanza nilimpa dawa ya minyoo. Mara ya pili nilimpeleka zahanati, akapimwa, hakuonekana na kitu. Mara ya tatu nilimwambia mbele ya wenzake kwamba anajisingizia, nikampa sehemu ya kufyeka nyuma ya bwalo. Alifyeka mpaka jua likazama, hakusema neno.

Jumatatu, kabla ya paredi, mpishi wetu alinifuata huku akijifuta mikono kwenye kanga. Akaniambia, "Mwalimu, yule mtoto haumwi tumbo. Mama yake amefariki, baba yuko machimboni. Siku ya wazazi hana anayekuja. Wenzake wakianza kufungua mahotipoti, yeye anatamani ardhi immeze." Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Huja kunisomea barua za mwanangu." Mama yule hakujua kusoma. Mwanawe alikuwa akimwandikia kutoka Mwanza, na kwa miezi mingi msichana wangu alikuwa akipita jikoni baada ya chakula cha mchana, anamsomea barua, kisha anamwandikia majibu.

Kwenye faili langu mtoto huyo alikuwa na namba, na alama za majaribio, na ada iliyolipwa nusu. Jikoni alikuwa mtu anayesubiriwa.

Nilimwomba radhi mbele ya wale wale niliomfedhehesha mbele yao. Tumbo halikupona siku ile, lilichukua muda. Sista mkuu wa shule aliruhusu akae jikoni na mpishi kila siku ya wazazi, wakala sahani moja. Tangu hapo nimeshika jambo moja. Mtoto wa bweni anahitaji mtu mzima mmoja anayemjua, na anahitaji kujua kwamba yupo mtu anayemhitaji yeye. Akivikosa hivyo viwili, mpeni maabara mpya, mpeni basi la shule na kanisa la vigae, bado atalala akiwa peke yake.

Najua mnachokiogopa. Mnaogopa matokeo. Novemba kidato cha nne wanaingia kwenye mtihani, Januari Baraza la Mitihani linatangaza, na bodi ya shule inawaita kuwauliza. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa, nami nilimshukuru Mungu siku ile. Lakini mabango bado yako mageti kwetu, na wastani wa shule bado upo: mtoto asiyeufikia anashauriwa kimya kimya ahame kabla ya kidato cha nne, asije akaichafua shule. Serikali imeshakataza jambo hilo. Hata isingekataza, sisi tunaosoma Injili ya mchungaji aliyewaacha tisini na tisa akamtafuta mmoja, tutaanzaje kumfukuza yule mmoja ili tisini na tisa wapate Divisheni One, tena chini ya msalaba tulioutundika wenyewe juu ya ubao?

Na wakati tukiwakimbizia matokeo tunawanyima usingizi. Mjukuu wangu anatoka prepo, yaani kujisomea usiku, saa 4 na nusu usiku, anaingia kitandani saa 5, na kengele inalia saa 10 na nusu alfajiri. Hesabuni wenyewe: ni saa tano na nusu. Wataalamu wa usingizi wanashauri saa 8 hadi 10 kwa mwenye umri wa miaka 13 hadi 18. Anayesinzia kwenye misa ya asubuhi mnamchapa kwa uvivu. Juu ya viboko sitasema mengi, maana kanuni za nchi mnazijua: visizidi 4, mwenye ruhusa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemkabidhi kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kama kitabu hicho kikiletwa leo mezani, je, kitakuwa na yote yaliyotendeka muhula huu? Mimi nilipoacha fimbo kabisa ndipo watoto walipoanza kugonga mlango wangu usiku.

Mnamfahamu Mtakatifu Yohane Bosco, msimamizi wa vijana. Mei 1884, akiwa Roma, mzee na mwenye afya mbovu, aliwaandikia walezi na vijana wa nyumba yake ya Torino. Jambo lililomsumbua lilikuwa uwanja wa mapumziko. Aliwasimulia kama mtu aliyeota ndoto: kwanza aliuona uwanja wa zamani, vijana wanakimbia, wanaruka, wanaimba, na mapadre wako katikati yao wakicheza nao. Kisha akauona uwanja wa siku zile alipoandika. Wengine wameegemea nguzo, wengine wamekaa ngazini, nyuso zimechoka, na walezi wengi hawamo tena michezoni. Akasema haitoshi vijana wapendwe, ni lazima wao wenyewe watambue kwamba wanapendwa.

Nawaomba mfanye jambo moja wiki hii. Mapumziko ya saa 4 asubuhi, mkiwa mmeketi ofisini na chai na simu zenu, mmoja wenu atoke. Asiende na fimbo wala daftari. Akae kwenye ngazi dakika ishirini atazame. Atamwona anayekunywa maji bombani mara tatu ili aonekane ana shughuli. Atamwona anayemkabidhi mwenzake wa kidato cha tatu kipande chake cha mkate kila siku, na ajiulize kwa nini. Atamwona aliyekuwa akicheza netiboli muhula uliopita na sasa amejikunyata na sweta juani. Hayo hayamo kwenye ripoti ya mwisho wa muhula, na mwalimu wa darasa hayaoni, maana darasani wote wametazama mbele.

Mkiyapuuza, yatatafuta pa kutokea. Wazee wa Kagera wanakumbuka Januari 1962, shule ya wasichana ya misheni kijijini Kashasha, wasichana walipoanza kucheka na kulia wasiweze kujizuia. Kati ya wanafunzi 159 walipatwa 95, na mwezi Machi shule ikafungwa. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu, hawakupata. Walimu hakuna aliyepatwa hata mmoja. Mimi jambo hilo la mwisho ndilo huwa linaninyima raha. Walikuwa shule moja, lakini mzigo uliowalemea watoto haukuwagusa wakubwa.

Hivyo wasichana wakianza kuanguka bwenini, padre aje na maji ya baraka, sina neno, na sala isikomee hapo. Kesho yake kaeni nao mmoja mmoja, muwaulize kuna nini nyumbani, nani anawatisha, nini kimebadilika. Na mtoto akitamka kwamba amechoka kuishi, hata akitamka huku akicheka, msimwambie ni dhambi kisha mkaondoka. Asiachwe peke yake usiku huo. Mzazi apigiwe simu, na mtoto apelekwe hospitali kwa daktari wa akili kama ambavyo angepelekwa akivunjika mguu. Kuugua moyo si kukosa imani.

Hapa naomba niseme nanyi, mapadre wangu, kwa heshima zote. Mara nyingi shule zetu husema, "Watoto wana padre, wana kitubio, watasema." Kitubio ni neema kubwa, nami bila hicho nisingefika umri huu. Lakini mtoto akikuambia kitini kwamba kuna mtu mzima anayemshika usiku, mdomo wako umefungwa. Siri ya kitubio haina mlango wa nyuma, hata kwa jambo hilo, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Unaweza kumsihi akaseme nje ya kitubio. Sasa huko nje kuna nani? Kama wa pekee anayesikiliza shuleni ni wewe, mtoto huyo amesema mahali pasipoweza kumwokoa, na kesho yake anarudi bweni lile lile. Kila shule lazima iwe na mlango wa pili: mwalimu wa ushauri nasaha mwenye chumba chake, asiyekuwa mwalimu wa nidhamu, asiyetoa alama, ambaye watoto wenyewe wameulizwa kama wanamwamini. Msimteue kwa sababu ana vipindi vichache.

Mabweni yetu mengi yanaitwa Lwanga, Kizito, Bakhita. Rangi imepakwa vizuri mlangoni, sikukuu yake tunaimba, halafu basi. Karoli Lwanga alikuwa mkuu wa vijana wahudumu katika ikulu ya Kabaka Mwanga, yaani alikuwa kiranja. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na kazi yake ilikuwa kuwaweka wadogo mbali na mikono ya mfalme aliyewataka kwa mabaya. Kizito alikuwa na miaka kama 14, umri wa mtoto wetu wa kidato cha kwanza. Walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na mapokeo yanasema Lwanga alikuwa amemwahidi Kizito kwamba atamshika mkono. Sasa ndani ya bweni lenye jina hilo kiranja anamfulisha njuka, yaani mwanafunzi mgeni, soksi zake, anamnyang'anya maziwa ya unga, anampigisha magoti usiku kwa sababu na yeye alipigishwa. Wasimulieni viranja wenu habari hii kabla hamjawavalisha beji. Waambieni kazi ya kaka wa bweni ni ile aliyoifanya Lwanga. Nimewahi kuona kiranja akilia aliposikia, na muhula ule njuka wetu hawakuguswa.

Na kuhusu kuwa na lengo maishani, tunawauliza watoto, "Unataka kuwa nani?" Wanajibu daktari, rubani, mwanasheria. Anayepata ziro kwenye Hisabati amekwisha kujibiwa swali hilo, na amebaki na miaka miwili ya kukaa darasani bila sababu. Msichana wangu wa jikoni alikuwa akishika nafasi ya tatu kutoka mwisho, lakini alikuwa na sababu ya kuamka: barua ya Mwanza. TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, wana njia yao nzuri waliyoachiwa na Kardinali Cardijn wa Ubelgiji, Ona, Amua, Tenda. Siku hizi naona shule nyingi zimebakiza uchaguzi wa viongozi na fulana. Irudisheni kazi. Jirani na kila shule yetu kuna mzee anayeishi peke yake, kuna zahanati yenye foleni ya kina mama, kuna shule ya msingi yenye watoto wasiojua kusoma. Mpeni mtoto mtu mmoja wa kwake, kila Jumamosi, mwaka mzima. Asiende kupiga picha na sabuni. Na wapewe pia Waislamu na Walutheri walio kwenu. Wazazi wao wametukabidhi watoto wao wakijua sisi ni nani, na mtoto wa aina hiyo asikae bwenini Jumapili nzima kama mgeni aliyesahauliwa.

Nimalizie na ninaloliomba hasa. Jioni moja ya wiki hii, watoto wakiwa prepo, bandikeni ukutani orodha ya majina yote ya shule. Kila mtu mzima aweke alama mbele ya mtoto anayejua habari zake nje ya alama za darasani: nani anamsubiri nyumbani, anapenda nini, kinachomtia hofu ni nini. Msidanganye. Yatabaki majina yasiyo na alama hata moja, na mtashangaa ni mengi kiasi gani, mengine ni ya watoto watulivu mnaowasifia kwa nidhamu. Mgawane hayo, kila mmoja matatu au manne. Msiwatangazie watoto. Asubuhi mwalimu wa Fizikia ampite mmoja bombani, amwulize mdogo wake anaitwaje, na Ijumaa akumbuke jina hilo.

Na siku hiyo mwiteni dereva, mwiteni mlinzi wa getini na mhasibu. Mpishi mwekeeni kiti mbele, na kama hajui kusoma, asomewe majina moja baada ya jingine.

Ni mimi bibi yenu, mwalimu mstaafu,
Mbinga