Zai, imalize hiyo filamu

Zai wangu, mambo vipi, natumaini mko wazima wewe na wadogo wote hapo. Nimeona meseji yako kwamba Brokeback Mountain umeizima kabla hata haijafika mbali maana ni kondoo, milima na wanaume wawili wasioongea, nimecheka sana lakini roho pia imeniuma, yaani ulipozima ndo palikuwa panaanza. Na kwenye simu haya mambo hayaongeleki kila saa kuna mtu katega sikio, bora nikuandikie, kaa vizuri maana ni ndefu. Alafu mwisho wake nitakwambia, usije ukanilaumu nimekuharibia utamu, filamu ya 2005 hiyo, muda wa kuilinda umeisha.

Kwanza huo ukimya uliokuchosha ndo filamu yenyewe. Ennis Del Mar, yule mwenye nywele za rangi ya mchanga aliyeigizwa na Heath Ledger, anaongea kama mtu anayelipia kila neno, midomo haifunguki, nusu ya maneno anayameza. Weka maandishi chini ya skrini, usione aibu, hata wenye lugha yao nasikia walihangaika. Jack Twist, huyo ni Jake Gyllenhaal, ye ndo mwenye mdomo. Ni 1963 huko Wyoming, Marekani, vijana hata ishirini hawajatimiza, hawana mbele wala nyuma, wanaajiriwa na bosi mmoja mkali anaitwa Aguirre wakachunge kondoo mlimani kiangazi kizima. Usiku mmoja baridi inazidi wanalala hema moja, na hapo mambo yanakuwa mambo. Asubuhi hakuna hata mmoja anayejua aseme nini. Baadaye Ennis anasema ye si mtu wa hivyo na Jack anasema hata mi siyo, alafu wanaendelea.

Sasa huyo bosi anawaona siku moja kwa darubini, kwa mbali, wanakimbizana vifua wazi. Unadhani atapiga kelele, hapana, ananyamaza tu. Kiangazi kinachofuata Jack anarudi kuomba kazi anaambiwa kazi hakuna, na kwa kijembe kimoja anajulishwa kwamba walionekana. Basi, imeisha hiyo.

Mi hapo ndo nilipokaa nikafikiria sana, maana ukiangalia filamu nzima hakuna askari anayekuja kuwakamata, na mahakama pekee unayoiona ni ile ya talaka ya Ennis na mkewe. Na siyo kwamba sheria hazikuwepo. Jimbo la kwanza Marekani kuacha kuwashtaki watu kwa hayo mambo ya wanaume kwa wanaume ni Illinois mwaka 1962, Wyoming yenyewe ilisubiri mpaka 1977, na Texas, ambako Jack anaenda kuoa, waling'ang'ania mpaka Mahakama ya Juu ikaja kuwafutia sheria yao 2003, yaani miaka miwili tu kabla filamu haijatoka. Lakini Ennis haogopi askari. Anamwogopa marehemu baba yake.

Kuna sehemu anamsimulia Jack, usiikose hiyo. Kijijini kwao walikuwepo wazee wawili, Earl na Rich, wana ranchi yao wanaishi pamoja, watu wanawasema chinichini. Siku moja Earl akakutwa mtaroni amekufa, kapigwa na chuma cha kufungulia tairi, na kafanyiwa unyama mwingine ambao hata kuuandika hapa siwezi. Baba yake Ennis akawachukua wanawe, Ennis akiwa na miaka tisa, akawapeleka kwa miguu yao wakaangalie. Alafu Ennis anaongezea kiupole tu kwamba kwa anavyojua ye, huenda aliyeifanya hiyo kazi ni baba mwenyewe. Zai nilisimamisha filamu pale. Mtoto wa miaka tisa! Kwa hiyo kila Jack anapomwambia tutafute kiranchi chetu, ng'ombe wachache na ndama, tuishi, mwenzake akili yake iko mtaroni. Anachoweza kumpa ni safari za kuvua samaki, mara chache kwa mwaka, na hivyo hivyo inaenda karibu miaka ishirini.

Kuna watu wanasema hiyo ya Earl imetiwa chumvi ili tulie. Mwandishi wa hadithi yenyewe, Annie Proulx, aliitoa kwenye jarida la The New Yorker Oktoba 1997. Oktoba 1998, huko huko Wyoming, nje ya mji wa Laramie, mwanafunzi wa chuo anaitwa Matthew Shepard, miaka 21, alipigwa akafungwa kwenye uzio akaachwa usiku kucha na baridi ile, akafa hospitali siku chache baadaye. Chumvi iko wapi hapo.

Alafu wewe najua utaniuliza, na wake zao je? Maana nakujua. Mi nakwambia Alma, mkewe Ennis, ndo aliyenitoa machozi kwanza. Baada ya miaka minne bila kuonana Jack anatuma postikadi kwamba anapita, Ennis siku hiyo nzima yuko dirishani na bia yake, gari linasimama anashuka ngazi mbio, wanakumbatiana, wanabusiana pale chini kama hakuna kesho, na Alma anafungua mlango anaona. Anaufunga taratibu. Miaka inapita hasemi. Wanakuja kuachana, anaolewa na mwenye duka, ndo siku moja Ennis amealikwa chakula cha sikukuu, wako wawili jikoni, Alma anaosha vyombo, linamtoka. Anamwambia ule mkoba wako wa samaki niliufungua usiku mmoja kabla hujaondoka, lebo ya bei bado inaning'inia baada ya miaka mitano, nikafunga kikaratasi kwenye mshipi, nimeandika hujambo Ennis, leta samaki nyumbani, wako Alma. Ukarudi ukasema mmepata wengi mkawala huko huko. Na kikaratasi kiko palepale nilipokifunga, mshipi haujagusa maji.

Mi kwa hiyo sikubaliani kabisa na wanaosema filamu imewasahau wanawake. Huyo dada kaibiwa ujana wake na woga wa mtu mwingine, na filamu inajua. Michelle Williams ndo kaigiza, na umbea kidogo, ye na Heath Ledger walipendana kweli kwenye hiyo hiyo filamu wakazaa mtoto wa kike, alafu 2008 Ledger akafariki na miaka 28 tu. Ukijua hilo zile sehemu zao unaziangalia kwa shida.

Kasoro zipo. Jinsi walivyozeeshwa sikupenda, masharubu ya Jack yale yamebandikwa hata kipofu anaona, na nywele za Lureen, mkewe Jack wa huko Texas, zinabadilika rangi kila zinapopita miaka mpaka unaangalia nywele unasahau anachosema. Dairekta ni Ang Lee, mzaliwa wa Taiwan, na milima yenyewe wala si Wyoming, walirekodi Alberta huko Canada. Alipata Oscar ya uongozaji 2006, na muziki ule wa gitaa wa Gustavo Santaolalla ukapata, na uandishi, lakini ile ya filamu bora ikaenda kwa Crash, mpaka leo kuna watu hawajasamehe na mi nimo.

Mashati sikuhadithii yote. We jua tu Jack akishakufa Ennis anaenda kwa wazazi wa Jack, baba mtu ana macho makavu, mama anamruhusu apande chumbani, na kabatini anakuta shati la Jack limevaa ndani yake shati lake mwenyewe, lile alilodhani alilipoteza mlimani, damu ya ugomvi wao wa siku ya mwisho iko bado mkononi. Jack aliliiba. Miaka yote hiyo hakusema. Angalia mwenyewe baadaye Ennis ameyatundika vipi, lipi liko nje lipi liko ndani, usipepese macho maana hawakuelezi.

Sasa kifo chenyewe ndo ninachotaka tubishane. Ennis anapiga simu Texas, Lureen anapokea, anasema Jack alikuwa anajaza upepo tairi barabarani, likapasuka, ringi ikampiga usoni, akazama kwenye damu yake kabla mtu hajafika. Anaisema kwa sauti bapa, imenyooka, kama kaisema mara nyingi. Na huku anaongea sisi tunaonyeshwa wanaume wanampiga mtu chini kwa chuma. Hakuna anayetuambia hiyo picha ni kweli au ni kichwa cha Ennis tu kinarudi kwa Earl. Mi nadhani Lureen anajua na anaficha, mwangalie macho anapoanza kuelewa anaongea na nani. Ila dada yangu tuliyeangalia naye kashikilia ni tairi, eti ajali zipo, na Ennis hata Jack angekufa kwa malaria angeona chuma tu. Tumebishana mpaka usiku. We iangalie yote, ufike kwenye simu hiyo, urudishe nyuma mara mbili, alafu uniandikie ni tairi au watu.

Nakupenda, salimia wote,
Mwanaidi