Kaka Shabani, kuhusu lile katoni la oringi

Clarksville, Tennessee
11 Septemba 2022

Kaka Shabani,

Salaam nyingi. Sisi wazima, mtoto kaota meno mawili na mama yake anakusalimu. Bi Mkubwa mfikishie shikamoo yangu, mwambie dawa ya magoti nilimpa Sudi. Kama haijafika, basi Sudi keshaianza yeye.

Najua umenuna. Ujumbe wako wa kuomba hela ya kompresa na ya katoni la oringi una miezi miwili kwenye simu yangu, nausoma, naufunga. Sikukukaushia. Ingekuwa shida ni hela peke yake ningeshakutumia kitambo, ukanitukana kwamba ni kidogo, yakaisha. Kilichonikwama ni lile katoni la oringi, vile vipete vya mpira vya kuzibia mafuta yasivuje, tena za kopi. Kila nikitaka kukujibu nakosa pa kuanzia, mpaka helikopta zikanipa pa kuanzia. Usicheke kwanza.

Hapa tumepakana na kambi ya jeshi, Fort Campbell. Helikopta kwetu ni kama daladala Buguruni. Black Hawk zikipita hakuna anayeinua kichwa. Ila kuna yale madude ya Chinook, panga mbili kubwa, moja mbele moja nyuma, zinazunguka kila moja upande wake. Likija, unalisikia kifuani kabla ya masikioni, na vikombe kabatini vinaanza kusalimiana. Mwanao amezaliwa na mdundo ule, ndio bembelezo lake. Sasa mwishoni mwa Agosti akaanza kusumbua kulala mchana. Mama yake anasema meno. Mimi natoka zamu ya usiku ghalani, nalala huku nasikiliza, nikaona kuna kitu kimepungua angani. Black Hawk zipo. Madude hayapo.

Kumbe jeshi la nchi kavu la Marekani limezilaza Chinook zake zote. Zote, Shabani, kama 400 hivi. Injini kadhaa zilishika moto, hakuna aliyeumia, wakachunguza wakakuta mafuta yanavuja. Unajua yalikuwa yanavujia wapi? Kwenye oringi. Honeywell, wenye injini, wakatoa tamko kwamba zile oringi si za kiwango kilichowekwa na wala si zao, ziliingia wakati injini zikifanyiwa matengenezo kwenye karakana ya jeshi. Nilisoma mara mbili nikahisi kama nimesimama duka la spea pale Gerezani, mwenye duka anakula kiapo kwamba "hii si yangu bosi, umeichanganya wewe huko."

Hebu fikiria. Dude limeruka mara ya kwanza mwaka 1961, rika moja na uhuru wetu. Limepita Vietnam, limepita Afghanistan, linaning'iniza mzinga tumboni na kuondoka nao. Linakalishwa chini na kapete ka mpira kanakoingia kidoleni.

Lakini kilichoninyima usingizi ni kitu kingine. Helikopta walizozitilia shaka hasa zilikuwa sabini na kitu. Sabini, katika mia nne. Wangeweza kuzivuta hizo pembeni, nyingine zikaendelea na kazi, na nani angewalaumu? Wakazilaza zote kwanza mpaka wajue. Sisi gereji tulikuwa tunafanyaje? Gari likivuja tunapaka sabuni ya kipande, tunamwambia dereva "nenda nayo, ikizidi rudi." Sabuni, Shabani. Kwenye petroli.

Wewe fundi, sihitaji kukufundisha. Oringi inakaa kwenye mfereji wake, inabanwa, inaziba. Mpira ukiwa si wenyewe, mafuta na joto vinaufanya uvimbe au ukauke upasuke, na kwa macho oringi ilikuwa nyeusi ya duara kama mwenzake tu. Hapo ndipo balaa lilipo. Na wala haina ubaguzi: Januari 1986 Wamarekani hawa hawa walipoteza chombo cha anga, Challenger, watu saba, kwa sababu ya oringi za roketi zilizokakamaa kwa baridi ya asubuhi. Kuna profesa mmoja, Feynman, aliubana mpira huo kwa kibanio, akauchovya kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera, akaufungua, akawaonyesha kwamba haurudi haraka. Fundi Mkuu wetu wa gereji angempenda yule.

Nimemtaja Fundi Mkuu. Basi niseme.

Ile Hiace ya Mzee Kiwelu. Iliyoungua Magomeni. Najua hatuiongelei. Abiria walishuka wote, konda akaunguza nywele, tukacheka baadaye, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Fundi Mkuu alisema hukukaza klipu, ukafungasha spana zako jioni ile ile, hukujibu neno. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya mchanga, nimenyamaza.

Klipu ulikaza. Nilikuona. Oringi ya pampu niliinunua mimi. Fundi Mkuu alinipa elfu tatu ya og, yaani orijino, nikachukua kopi ya mia tano. Zile chipsi mayai za kwa Mpemba, ukasema nina roho nzuri kuliko ndugu zako, zilikuwa ile chenji.

Basi ndiyo hiyo. Nimeiandika mara nne nikaifuta, hii ya tano naiacha. Fundi Mkuu keshatangulia, Mungu amrehemu, siwezi kumfuata nikamweleza. Kiwelu nitamtafuta mwenyewe, usimwambie, au mwambie, sijui, amua wewe.

Kwa hiyo ukiniambia "kaka, katoni zima kwa bei ya maji, kopi lakini huwezi kuitofautisha na og," tumbo linanivuruga. Kutoitofautisha ndiko kunakoniogopesha. Hela ya katoni hilo sitatoa. Ya kompresa nitatoa, na ya oringi zenyewe zenye karatasi zake nitatoa hata ikibidi niongeze zamu ya Jumamosi. Utasema Marekani imenifanya mlokole wa spea. Sema tu. Wateja watakimbilia kwa jirani mwenye bei chee, najua, wewe ndiye unayelipa kodi ya fremu na si mimi, na hilo nalo sina jibu lake.

Sasa nijibu, usinilipizie miezi miwili. Hizo oringi, umeshachukua za mfano? Umemfungia nani? Kama kuna hata moja iko barabarani, unaweza kumwita arudi? Ni za maji au za mafuta? Maana za maji sitakupigia kelele. Bodaboda wa Mwajuma bado anavuja au ulimtengenezea? Ile siku ya Hiace ulijua? Kuna wakati nahisi ulijua, ukanyamaza kwa sababu na wewe ulikula zile chipsi. Fremu ya Tandale wanataka kodi ya miezi mingapi? Na kompresa, unataka lita mia au ya mia mbili?

Ndimi,
Ramso