Kizazi changu na mashine yenu ya kwanta

Ndugu Mhariri,

Tangu nistaafu ualimu wa fizikia miaka 14 iliyopita, nimelisoma gazeti lako kimyakimya, hata siku mlipoandika kwamba vioo vinavuta radi. Lakini ile habari ya wiki iliyopita, ya "mashine ya kwanta" inayosoma figo na ini kwa dakika moja kupitia kijiti cha chuma kiganjani, imenishinda.

Mashine hiyo naijua. Mwezi uliopita ilipita mtaani kwetu, mama watoto akaambiwa figo zake zimechoka, akarudi na chupa tatu za vidonge na deni la shilingi 180,000. Kesho yake nikaenda mwenyewe. Foleni ilikuwa ndefu. Kijana akaniamkia vizuri tu, ila kwa haraka zake akasahau kufuta taarifa za mama aliyenitangulia. Nikashika kijiti, nikatulia. Majibu: kizazi changu kina uvimbe. Nina miaka 74, Mhariri, na ndevu.

Na hiyo mnaiita kwanta! Mwaka 1900 Max Planck alibaini kwamba kitu cha moto hakitoi nishati mfululizo kama maji ya bomba, bali kwa vipande vipande, mithili ya sarafu isiyokatika nusu; kipande hicho ndicho kwanta. Mwaka 1905 Einstein akasema mwanga wenyewe ni vipande. Ni fizikia hiyo iliyotuonyesha elektroni zinavyoishi ndani ya silikoni, ikaja transista mwaka 1947, ile swichi ndogo iliyojaa ndani ya simu, ikaja paneli ya jua ya silikoni mwaka 1954, ambayo leo inawasha taa vijijini kusikofika nguzo ya umeme. Simu aliyopigia picha mwandishi wako ina kwanta kuliko sanduku lote lile. Kama anataka mashine ya kwanta inayotazama mwili kweli, ipo, ni MRI: sumaku inavipanga viini vya haidrojeni vilivyomo kwenye maji ya mwili, mawimbi ya redio yanaviyumbisha, na ishara vinayotoa ndiyo inayochora picha. Inajaza chumba kizima, na sumaku yake kwa kawaida hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Haibebwi kwenye begi la mgongoni pamoja na vidonge!

Halafu katika habari hiyohiyo mmeandika "kwanta", "kwantamu" na "kwantumu". Mkikosea jina la mchezaji wa Simba, simu hazikauki hapo ofisini. Sayansi haina mashabiki, basi iandikwe vyovyote.

Napendekeza mwandishi huyo apewe kikokotoo cha jua (si kile cha mafao yetu), akizibe kidirisha kwa kidole mpaka tarakimu zififie, kisha aachie. Mara 20 kila asubuhi kabla ya kushika kalamu. Kikokotoo nakitoa mimi. Zile chupa tatu nazo nitazileta, hazijafunguliwa. Mgawane hapo chumba cha habari, huenda kuna mwenye kizazi kama changu.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro