Jua la Kigoma na saa ya Taifa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nijibu kauli inayorudiwa mara kwa mara kwamba sisi watu wa Kigoma hatujali muda. Wanaoisema huamini kwamba wakati ni mmoja kwa watu wote, na kwamba saa ya ukutani inautangaza tu. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim alikwisha kueleza mwaka 1912 kwamba kalenda huzaliwa na mwendo wa shughuli za jamii yenyewe. Hapa Ziwa Tanganyika tunaliona hilo kila mwezi. Wavuvi wa dagaa huwavuta samaki kwa taa, na taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika, waanikaji na wachuuzi hupumzika nayo, na mwenye deni dukani huahidi kulipa giza likirudi.

Saa nayo ni mapatano. Tanzania nzima huweka saa zake kwa jua la longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari wa ramani wa kaskazini hadi kusini ambao haupiti mahali popote katika nchi yetu, ilhali Kigoma iko karibu na nyuzi 30. Ndiyo maana jua hutuchomozea yapata dakika 40 baada ya Dar es Salaam, na mwezi Julai huchomoza saa moja ya asubuhi ikiwa imekwisha kupita. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, na kaskazini yetu, Burundi, saa ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima, ingawa jua ni lilelile.

Simkubali pia John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya aliyeandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao wa mbali karibu haupo. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa ushahidi wa Waakan, jamii ya nchini kwake; mimi ningemwonyesha Mbiti wazee wetu wanaopanda michikichi wakijua kwamba sehemu kubwa ya mavuno itakuwa ya wajukuu.

Linaloniumiza ni mtoto anayetakiwa kuwa mstarini saa moja kamili, ambaye hutembea gizani peke yake kisha akaitwa mtoro akichelewa. Naziomba mamlaka za elimu ziruhusu shule za mkoa huu, walau kuanzia Juni hadi Agosti, zianze masomo saa mbili.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma