Wifi, gauni lako la maruni bado liko kwangu

Wifi,

Nimekupigia simu mara nne tangu Pasaka, hushiki. Ujumbe unausoma, tiki mbili zinageuka buluu, halafu kimya. Nikimuuliza kaka yangu ananiambia uko salama, kazi tu ndiyo nyingi. Sawa. Lakini mimi ni fundi wa nguo hapa Kenyatta Market, mwaka wa kumi na sita sasa, na mteja akiacha kuja kuchukua nguo yake huwa ni mawili: ama hana pesa, ama nguo haitamtosha tena. Na hilo gauni ulishalilipia.

Liko nyuma ya mlango. Nimelifunika leso lisishike moshi wa nyama choma, maana unajua jirani zangu.

Kabla sijaenda mbali, niombe msamaha. Krismasi, ushago, tukiwa jikoni kwa Mama, ulinyoosha mkono kuchukua chapati ya pili, nami nikasema mbele ya mashangazi wote, “Wewe si ulifanyiwa upasuaji wa tumbo upungue? Mbona unakula kama sisi?” Watu wakacheka. Na wewe ukacheka. Chapati ukaikunja vizuri, ukairudisha kwenye hotpoti, ukafunika, ukatoka nje kama mtu aliyepigiwa simu. Simu yako ilikuwa mezani, wifi. Niliiona. Sikukufuata.

Jambo ambalo hukulijua siku ile, kwa sababu hakuna mtu niliyemwambia, ni kwamba mimi nilikuwa na miezi sita tu tangu nirudi kliniki na kichwa kimeinama. Aliyeokoka juzi ndiye anayehubiri kwa sauti kubwa.

Wote mnajua nusu ya kwanza ya habari yangu. Februari 2020 nilikatwa tumbo nikiwa na kilo 118. Tarehe 27 mwezi uliofuata kafyu ikaanza, mambo ya kurudi kliniki yakawa ya kupiga simu, na mimi nikakaa nyumbani Madaraka kushona barakoa kutwa kucha. Hata hivyo kilo zilishuka. Mwaka wa kwanza zinashuka tu, hata ukiwa mjinga. Katikati ya 2021 nilikuwa 79, nikapigwa picha, Mama akaiweka sebuleni.

Nusu ya pili hamkuiona. Desemba 2023 mizani ilisema 97. Mtu mwingine akinenepa, nguo humsema. Zangu hazikusema chochote, kwa sababu usiku, mlango umefungwa, nilikuwa nazifumua na kuziachia mwenyewe. Nusu inchi huku, nusu inchi kule. Nilipomaliza mishono ya kuachia nilianza kujishonea madera na kuwaambia watu ndiyo fasheni. Miaka miwili nimedanganya mtaa mzima kwa cherehani.

Kwa hiyo nikikwambia najua ulipo, sikupigii porojo.

Unajua kilichonirudisha juu? Si nyama choma, ingawa naivuta puani tangu saa tano asubuhi. Nyama hainipiti. Vipande vinne, tumbo linasema basi, nikilazimisha natapika. Ugali vilevile, tonge tatu nimemaliza. Kilichonipita ni mandazi lililochovywa kwenye chai. Lile likishalowa linateremka kama maji, halikai, halishibishi, na nusu saa baadaye kuna nafasi ya lingine. Mama mandazi hupita sokoni saa nne na saa kumi. Katikati kuna krispsi, kuna biskuti ya mteja aliyekuja na mtoto, kuna kikombe kingine cha chai vijiko viwili vya sukari. Ukiniuliza jioni ningekuapia kwamba sijala kitu siku nzima. Na kweli, mezani sikuwa nimekaa.

Daktari alinieleza vizuri kuliko mtu yeyote. Sehemu ya tumbo wanayokata na kuitupa, kwangu mimi kama robo tatu au zaidi, ndiyo inayotengeneza kwa wingi ghrelini, ile homoni ya njaa ambayo wanasayansi wa Japani waliigundua 1999. Ndiyo maana miezi ya kwanza unaweza kusahau kula hadi ukumbushwe. Kisha mwili unaanza kuzoea. Njaa inarudi polepole, na mwili uliopungua unatumia nguvu kidogo kuliko zamani, kama mtu aliyeachishwa kazi anavyojifunza kubana. Akaniambia kuna utafiti mkubwa Uswidi, ulioanza 1987, uliowafuata watu waliofanyiwa upasuaji kwa miaka mingi. Wale wa baipasi, yaani waliofanyiwa tumbo dogo likaunganishwa na utumbo chini zaidi, kama wewe, walifika chini kabisa baada ya mwaka mmoja au miwili, wamepunguza kama asilimia 32 ya uzito wao. Miaka kumi tangu upasuaji walikuwa kwenye asilimia 25 hivi. Yaani kwa wastani kuna kilo zilizowarudia. Na bado mtu aliyeanza na kilo 120 alikuwa amebaki bila thelathini.

Nilitaka kulia pale. Nilikuwa nimejiona mimi peke yangu duniani niliyepewa dawa ya mwisho nikaiharibu kwa mandazi.

Mambo yako ya baipasi ni tofauti kidogo na yangu, kwa hiyo haya nisome kwa makini. Krismasi hiyohiyo nilikuona ukitafuna odowa. Ulisema ni mazoea ya ule ujauzito. Mtoto ana miaka saba, wifi. Hamu ya udongo mara nyingi ni damu inalia, na ninyi ambao chakula kinaruka sehemu ya kwanza ya utumbo mnapungukiwa madini ya chuma kirahisi, maana hapo ndipo mwili unapoyachukulia zaidi. Ganzi ya vidole uliyomlalamikia Mama yaweza kuwa vitamini B12. Hizi si dawa za kumeza mwaka mmoja ukaacha chupa ikiisha. Ni za maisha. Na ile ya chuma usiimeze na chai, wala pamoja na ya kalsiamu. Zipishanishe saa mbili au zaidi.

Halafu mgongo. Kaka yangu anasema kila wiki unanunua diklofenaki dukani. Tafadhali acha. Kwa mtu wa baipasi dawa za maumivu za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, zinaweza kutoboa kidonda pale walipounganisha utumbo, na kidonda hicho hakitaji miadi. Mwambie mwenye duka la dawa umefanyiwa nini, akupe kitu kingine. Najua hutaki kumwambia, kwa sababu atakutazama kiuno kwanza. Mwache atazame.

Na supu ya siku tano. Umenitumia tangazo lile mwaka jana ukaliita “kurudisha tumbo”, nami sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimeshaijaribu. Siku tano za maji ya mboga na unga wa protini. Nilipungua kilo mbili, siku ya sita nikala mandazi manne. Tumbo halinywei kama shati la pamba. Anayeuza hiyo kitu anajua atakuuzia tena.

Sasa kliniki. Nilikaa miezi mitano nikiwa na namba yao na siipigi. Nilikuwa naogopa mizani yao kuliko polisi wa kafyu. Siku niliyokwenda nilivaa dera, nikapanda matatu, nikateremka stendi mbili kabla ili nipate muda wa kughairi. Nesi alinipima, akaandika, hakuguna. Nilikuwa nimejiandaa kwa mguno. Akaniuliza swali moja, “Unakula saa ngapi?” Hakuuliza nini. Nikaanza kutaja, yeye anaandika, nikafika mara kumi na moja na bado hatujafika jioni. Akageuza karatasi nione. Hakuongeza neno.

Walinitoa damu. Siku nyingine wakanipitisha kamera kooni waone kama tumbo limetanuka. Limetanuka kidogo, daktari akasema, kiasi cha kawaida. Hapa hakuna cha kushona. Kwako huenda wakataka kuangalia zaidi, pale palipounganishwa, ndiyo maana nasema nenda usikae kujipa majibu. Kuna pia sindano za kila wiki za kupunguza njaa, semaglutide na nyinginezo, ambazo madaktari huwaandikia baadhi ya waliorudisha uzito. Mimi bei ilinishinda, lakini wewe una bima ya kazini, uliza. Upasuaji wa marudio upo pia, daktari aliutaja mwisho kabisa na kwa sauti ya chini.

Kilichonisaidia mimi ni cha kuchosha kukisimulia. Nakula nimekaa, cherehani imezimwa. Protini kwanza, gramu sitini kwa siku na zaidi kidogo: mayai mawili asubuhi yananipa kumi na mbili, kikombe cha maziwa lala kama nane, ndengu kikombe kimoja kama kumi na nne, na kipande cha kuku kinachojaa kiganja kinamalizia hesabu. Omena siku ambazo kuku amepanda bei. Sinywi chochote nikila, na baada ya kula nangoja nusu saa. Hii ya chai ndiyo iliyoniuma, sikufichi. Mkenya hana chakula bila chai. Wiki mbili za kwanza kichwa kiliniuma na nilimgombeza kila mteja. Mama mandazi nilimwomba apitie upande ule wa mafundi viatu, akanuna, sasa ananiuzia mayai boilo. Kachumbari ananiongezea bure.

Jioni natembea kutoka sokoni hadi nyumbani kwa Mbagathi Way, siku zisizo za mvua. Siku za mvua napanda boda kama kila mtu.

Leo nina kilo 88. Si 79. Picha ya sebuleni kwa Mama nimemwomba aiondoe, amekataa.

Najua neno lingine linalokukalisha ndani. Kaka yangu bado anakatwa mkopo wa sacco kila mwisho wa mwezi, na amekwambia pesa zimekwenda bure. Aliniambia na mimi, tena kwa uchungu. Nilimuuliza, mke wako alikuwa anadungwa insulini mara ngapi kwa siku kabla ya 2022? Akanyamaza. Mara mbili. Na leo? Vidonge vya asubuhi, basi. Nikamwambia aende akapige hesabu ya hizo sindano kabla hajaja kunililia mkopo. Yeye ni ndugu yangu, tumbo moja, lakini kwa hili nilimkalia. Usimwambie nimekwambia. Ah, atasoma hapa. Kaka, soma.

Lakini wewe pia, wifi, umemficha. Anadhani unakwenda kliniki. Nauli anakutumia kwa M-Pesa, unaipokea, unazunguka mjini hadi saa nane, unarudi. Nimejua kwa sababu hata mimi nilikuwa hivyo, ila nauli nilijipa mwenyewe. Nilikuwa naenda Gikomba kuchagua vitambaa siku za miadi yangu. Vitambaa vizuri nilivyowahi kununua vyote ni vya siku hizo.

Nirudi kwenye gauni. Uliponiletea nilipunguze, ulitaka nikate kitambaa chote kilichozidi. Ulisema hutarudi huko tena. Nilikuitikia, lakini sikukata. Sijawahi kukata, wifi, nguo ya mtu yeyote; hujui mimba, hujui ugonjwa, hujui raha. Nilikunja ndani, nikashikiza kwa uzi mrefu unaofumuka upesi. Kuna inchi mbili kila ubavu. Kazi ya robo saa. Jumamosi ya harusi ya binti wa shangazi utalivaa, kwa mwili ulio nao Jumamosi hiyo.

Alhamisi nina miadi yangu, saa mbili asubuhi. Nimempigia yule nesi nikamwomba akuweke baada yangu, sikumtajia kilo zako maana sizijui. Nitakungoja stendi ya Nyayo Stadium kuanzia saa moja, nimevaa lile koti la kijani. Usile kitu kabla, watatutoa damu. Nitabeba mayai manne ya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi, tutakula tukitoka.